Kuchaji gari la umeme Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza ni wa makundi matatu: anayetaka kuagiza gari, mwenye bajaji aliyechoka na bei ya petroli, na mwenye kiwanja kando ya barabara kuu anayenusa biashara. Wote nimewachanganya humu. Tafuta swali lako.

Hesabu za umeme zimetumia viwango vya 2016 vya EWURA, mdhibiti wa nishati: shilingi 292 kwa uniti (kilowati-saa moja) kwa mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti inafika shilingi 356. Petroli nimeiweka shilingi 3,000 kwa lita kurahisisha mahesabu. EWURA hutangaza bei ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka ya mwezi wako uone.

Dodoma kuna haja ya vituo vya umma, au hayo ni mambo ya Dar?

Haja ipo, ila wengi wanaitafuta mahali pasipo. Ukisikia mtu anazungumzia vituo vya kuchajia, kichwani anaona mashine kubwa zenye taa za kijani karibu na Nyerere Square. Katikati ya mji ndiko ambako hakuna mtu mwenye haraka nazo. Anayekaa Kisasa na kufanya kazi Mji wa Serikali Mtumba anazunguka kilomita 40 kwa siku akiweka na safari ya sokoni. Anarudi nyumbani betri bado ina chaji ya kutosha, anachomeka, analala.

Pengo liko barabarani: Gairo, Manyoni, Mtera, Kondoa. Na liko vijiweni, kwenye bajaji na bodaboda, ambako chombo hakilali mapema na dereva hana geti la kuegesha ndani. Mashine moja inayofanya kazi Gairo ingewashawishi wanunuzi wa Dodoma kuliko tano za mjini. Huo ndio msimamo wangu, na majibu mengi hapa chini yanatokana nao.

Nikinunua gari leo, nitachajia wapi?

Nyumbani. Vituo vya umma nchini bado vichache na vingi viko Dar es Salaam, kwa hiyo kama huna mahali pa kuegesha penye soketi, ahirisha.

Soketi ya kawaida ya pini tatu inatoa ampea 13 kwa volti 230, lakini waya wa kuchajia unaokuja na gari kwa kawaida huvuta ampea 10 ili usiiunguze soketi. Hiyo ni kilowati 2.3. Inaonekana ndogo, na kwa safari ndefu ni ndogo kweli, lakini fanya hesabu ya Mtumba: kilomita 40 zinakula uniti 7 hivi, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Saa tatu tu, na kabla hujamaliza kuangalia taarifa ya habari na mpira umeshalipa deni la siku. Gharama ni kama shilingi 2,500. Gari la petroli linalokula lita 8 kwa kilomita 100 lingetumia shilingi 9,600 kwa mwendo huohuo.

Ukitaka haraka zaidi, fundi anakufungia chaja ya ukutani ya kilowati 7. Hapo unahitaji waya mnene wenye njia yake kutoka kwenye bodi, breka yake, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Usikubali fundi aunganishe kwenye laini ya pasi.

Luku yangu ni ya shilingi 122 kwa uniti. Nitaendelea nayo?

Hapana. Hiyo ni D1, kundi la wanaotumia uniti 75 kwa mwezi au pungufu: shilingi 100 na makato yake. Gari la kwenda Mtumba siku 22 za kazi linakula uniti zaidi ya 150 peke yake, bado friji na taa. Uniti zinazozidi 75 zinapigwa shilingi 350 kabla ya kodi, na ukizidisha mfululizo unahamishiwa T1. Ndiyo maana hesabu zangu zote zimeanza na 356. Anayekupigia hesabu ya gari kwa 122 anakudanganya, au hajawahi kumiliki hilo gari.

Kwa aliyepanga kwenye nyumba yenye mita moja ya wapangaji wote, jambo hili ni zito zaidi. Gari lako litawapandishia wote bei. Omba mita yako kabla ya kuleta gari. Usisubiri kikao cha wapangaji.

Chaja inawasha taa nyekundu nyumbani, lakini pasi na friji vinafanya kazi. Gari bovu?

Mara nyingi tatizo ni ethi, waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Pasi haiulizi kama nyumba ina ethi. Chaja ya gari inaipima kwanza na ikikuta mbovu inagoma. Na Dodoma ina tabia yake: udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyopimwa ikawa safi mwezi Februari, mvua zikiwa zinanyesha, inaweza kufeli Septemba ardhi ikiwa imekauka. Dawa ni kuzamisha fimbo ndefu zaidi, au kuongeza ya pili na ya tatu zikiwa zimeachana na kuunganishwa. Fundi aje na kipimo. Akija na tesita ya bisibisi peke yake, mwambie hiyo haipimi ethi.

Kuna mafundi watakaokuambia watakuunganishia ethi na nyutro ili chaja "idanganyike". Kataa. Siku nyutro ikikatika nje, bodi la gari lenyewe linakuwa na umeme, na mtoto akiligusa…

Nguzo ya kuchajia imeandikwa kilowati 22, mbona gari langu linavuta 3?

Kwa sababu kwenye nguzo za AC, zinazotoa umeme wa mitaani kama ulivyo, anayeamua ni gari. Ndani ya gari kuna chaja yake inayogeuza umeme wa mitaani uwe wa betri, na hiyo ina kikomo. Nissan Leaf nyingi zilizouzwa Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3, nyingine 6. Zichomeke kwenye nguzo ya kilowati 22, zitavuta hizohizo 3 au 6. Hakuna aliyekuibia.

Mashine za DC ni kitu kingine. Hizo zinageuza umeme zenyewe na kuusukuma moja kwa moja kwenye betri, kuanzia kilowati 20 na kitu hadi zaidi ya 150. Ndizo za barabarani. Nazo hazisukumi kasi moja mwanzo mwisho: zinaanza kwa nguvu, na ikifika kama asilimia 80 zinapunguza sana ili betri isiumie. Kutoka 80 hadi 100 kunaweza kuchukua muda sawa na kutoka 20 hadi 80. Ukiwa safarini, ukifika 80 ondoka.

Plagi zipi zitanifaa?

Hili ulizia kabla ya kulipa hela, maana baada ya meli kutia nanga halirekebishiki kirahisi.

Gari la umeme lililotumika kutoka Japani, hasa Leaf, lina CHAdeMO kwa DC na tundu dogo la Type 1 kwa AC. Magari mapya yanayotengenezwa kwa soko la nje, yakiwemo ya Kichina yenye usukani wa kulia, mara nyingi yana CCS2, ambayo sehemu yake ya juu ni Type 2 ya AC. Magari yaliyokusudiwa kuuzwa ndani ya China yana GB/T, na usukani wake uko kushoto, kwa hiyo hapa ni machache. Ethiopia, wanakoendesha upande wa kulia, hali ni tofauti.

Dunia inaegemea CCS2 kwa nchi zinazofanana na yetu. Hata Nissan yenyewe iliiacha CHAdeMO kwa magari yake mapya ya Ulaya. Leaf ya Japani bado inafaa kwa mtu wa mjini anayechajia nyumbani. Kwa anayetarajia mashine za barabarani zitakazojengwa miaka ijayo, ningemshauri avute subira apate yenye CCS2, hata kama ni ndogo.

Nitafika Dar?

Swali la kila kijiwe. Jibu fupi: kwa Leaf ya kilowati-saa 40, bila kituo cha njiani, hapana.

Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260, na Morogoro hadi Dar kama 190. Kwa mwendo wa barabara kuu, gari la kawaida linakula kilowati-saa 17 kwa kilomita 100. Betri ya 40 inakupa kama kilomita 210 za uhakika, maana hutaki kuimaliza kabisa. Unaishia baada ya Dumila ukitazama milima ya Uluguru kwa mbali. Gari la betri ya 60, kama BYD Atto 3 yenye 60.48, linafika Morogoro na akiba, na hapo linahitaji kula tena.

Angalia ramani: Gairo iko karibu katikati ya Dodoma na Morogoro, kama kilomita 130 kila upande. Gari lolote linaifikia, hata Leaf iliyochoka kiasi. Malori na mabasi yanasimama hapo tangu zamani, vyakula vipo, gesti zipo. Ndiyo maana nairudiarudia.

Watu wanaogopa mlima kuliko inavyostahili. Morogoro iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Dodoma kama 1,120. Kulipandisha gari la tani 1.6 mita hizo 600 kunahitaji kilowati-saa 2.6, tuseme 3 ukihesabu zinazopotea. Ni sawa na kuongezewa kilomita 18 za safari. Ukirudi kushuka, sehemu ya umeme huo inarudi kwenye betri, kwa sababu mota inageuka jenereta unapoachia pedali. Kinachomaliza betri ni kasi. Hewa ya mbele inakuwa nzito mno ukivuka 100, na ukienda 120 unalipa sana. Kwa hiyo vile vibao vya 50 vya kila kijiji na tochi za trafiki, vinavyomkera kila dereva wa barabara hii, kwa mwenye gari la umeme vinaongeza kilomita.

Ukilazimika, kuna njia ya gesti: soketi ya ampea 10 kwa usiku wa saa kumi inakuingizia kama kilowati-saa 20, za kukusogeza kilomita 115 hivi. Zungumza na mwenye gesti kabla, mpe hela ya umeme wake, na mpe zaidi kidogo.

Na mimi ningepanda treni. SGR ya Dar hadi Dodoma ilianza kubeba abiria katikati ya 2024, na inakwenda kwa umeme. Gari la umeme kwa mizunguko ya Dodoma, treni kwa Dar. Familia nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Singida, Iringa, Kondoa je?

Manyoni iko karibu nusu ya njia ya Singida, Mtera karibu nusu ya njia ya Iringa. Kondoa ni kama kilomita 155: kwenda unafika, kurudi siku hiyohiyo inategemea betri.

Nina kiwanja kando ya barabara kuu. Kituo cha kuchajia kinalipa?

Twende taratibu, maana hapa ndipo watu wanapoteza hela.

Tuchukue mashine moja ya DC ya kilowati 60. Gari moja la safari linavuta kama uniti 25. Ukinunua uniti kwa 356 na kuuza 700, kila gari linakuachia shilingi 8,600. Magari mawili kwa siku yanakupa kama 516,000 kwa mwezi, kabla ya mlinzi, intaneti, matengenezo na mkopo. Magari kumi kwa siku yanakupa 2,580,000. Tofauti kati ya mawili na kumi ndiyo biashara yenyewe, na hakuna mbinu ya matangazo itakayoziba pengo hilo kama magari hayapo barabarani.

Sasa mtego. T1 ina ukomo wa uniti 7,500 kwa mwezi, na magari kumi kwa siku ndiyo hizo 7,500 hasa. Ukipita, unahamia T2. Bei ya uniti kabla ya kodi inashuka kutoka 292 hadi 195, ukafurahi, halafu unakuta tozo ya mahitaji ya juu: shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha nguvu, karibu sawa na kilowati) ya kilele chako cha mwezi, yaani nguvu kubwa kuliko zote uliyovuta. Mashine ya kilowati 60 ina kilele cha kama kVA 63. Hiyo ni shilingi 945,000 kabla hujauza uniti moja ya ziada, na inalipwa hata kama kilele kile kilitokea mara moja tu, jioni ya Ijumaa ya kufunga Bunge. Kila uniti ya T2 inakuokolea 97, kwa hiyo inabidi uuze kama uniti 9,750 kabla T2 haijaanza kukufaa kuliko T1. Kati ya 7,500 na 9,750 unauza zaidi na kila uniti unayouza imekugharimu zaidi ya ilivyokuwa T1.

Tozo hiyo ilitungwa kwa ajili ya viwanda vinavyoendesha mashine kutwa. Kwa kituo ambacho mashine inalala saa 20 na kuamka kwa kishindo mara chache, ni adhabu. Nchi nyingi zilizokuza mitandao ya vituo zilikutana na jambo hili na zikalazimika kulifanyia kazi. Kenya ilitenga bei maalumu ya umeme kwa ajili ya usafiri wa umeme kuanzia Aprili 2023.

Njia ya kuanza bila kuumia: usianze na mashine kubwa. Kama una gesti, baa, au mgahawa wa nyama choma, funga chaja mbili za AC za kilowati 7. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na DC, hazihitaji transfoma yako mwenyewe, na mgeni anayelala anaondoka asubuhi akiwa amejaza. Faida utaipata kwenye chumba na supu. Wakati huohuo acha nafasi ya transfoma na njia ya waya mnene chini ya ardhi unapomwaga zege la maegesho. Kuvunja zege baadaye ni ghali kuliko bomba la plastiki la leo.

Na kabla ya yote, nenda TANESCO uulize uwezo wa laini iliyo karibu. Kuna viwanja vizuri kabisa, vya kona, ambavyo laini yake haiwezi hata mashine ya kusaga ya pili.

Kwa nini wenzetu wanavyo kila mahali na sisi hatuna?

Hata kwao ni juzi. Tesla ilifungua vituo vyake vya kwanza vya kasi California mwaka 2012, vikiwa sita tu. Kufikia mwisho wa 2024 sehemu za umma za kuchajia duniani zilikuwa zimepita milioni 5 kwa hesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati, na sehemu kubwa iko China. Mtandao ulikua kwa mtu mmoja kukubali kupata hasara kwanza: Tesla ilijenga ili iuze magari, China ilijenga kwa fedha na amri za serikali, Norway ilianza kwa kufuta kodi za magari hadi barabara zikajaa, wajenzi wa vituo wakafuata wateja.

Hapa kwetu anayeweza kutangulia ni mwenye vyombo vingi vinavyorudi sehemu moja: taasisi yenye magari hamsini Mtumba, kampuni ya kukodisha bajaji, chuo. Hao hawasubiri wateja. Wao wenyewe ni wateja.

Bajaji na bodaboda zinahusika vipi?

Zinahusika kuliko magari. Vyombo vya umeme vilivyo vingi Tanzania ni vya magurudumu mawili na matatu, na mtandao wetu utajengwa juu ya hivyo.

Hesabu ya mafuta haina ubishi. Pikipiki ya umeme inakula kama uniti 4 kwa kilomita 100, chini ya shilingi 1,500. Ya petroli inakula kama lita 2.5, shilingi 7,500. Bajaji ya umeme tuseme uniti 7, shilingi 2,500, dhidi ya zaidi ya 10,000. Dodoma ni mji uliotawanyika, kutoka Nala hadi Ihumwa, na bajaji inaweza kutembea zaidi ya kilomita 100 kwa siku. Tofauti hiyo ndiyo hesabu ya bosi.

Ugumu uko kwenye muda. Dereva aliyechomeka saa nane mchana anaangalia wenzake wakibeba abiria. Kuna majibu mawili. La kwanza ni kubadilishana betri: unafika, unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, dakika chache unaondoka. Kampuni ya Ampersand imefanya hivyo kwa pikipiki Kigali kwa miaka, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya biashara inayosajiliwa Kigali lazima iwe ya umeme. Ubaya wake ni kwamba betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Kampuni ikifunga, pikipiki yako inabaki chuma. Kwenye mji wenye vyombo vichache, hiyo ni hatari ya kweli.

La pili, ninaloliona linafaa zaidi hapa kwa sasa, ni kuchaji usiku na kuongeza kidogo mchana kwenye sehemu za kusubiri abiria: stendi ya Nanenane, soko la Job Ndugai, Sabasaba, Majengo, UDOM. Bajaji zinakaa foleni pale. Soketi za kawaida za nje zenye mita ndogo, kivuli na mlinzi, vinatosha kabisa. Mashine ya mamilioni haihitajiki. Jiji linalopanga vituo vya bajaji lingeweza kuweka hilo kwenye michoro bila kelele.

Neno moja kwa anayenunua: uliza aina ya betri. Bajaji ya bei poa yenye betri za risasi, zile nzito kama za gari, inaanza kuchoka baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, yaani mwaka na kidogo kwa mtu wa kila siku. Za lithiamu aina ya LFP zinavuka 2,000. Mkataba wa miaka miwili kwa betri ya mwaka mmoja utakuacha unalipa chombo kilichosimama.

Umeme wa nchi utatosha?

Wa nchi, ndiyo. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa mapema 2024, mgao uliotutesa ukaisha. Dodoma nayo imekaa vizuri: kituo cha kupozea umeme cha Zuzu kiko kwenye njia kuu inayotoka Iringa kwenda Shinyanga.

Wa mtaa ni habari nyingine. Transfoma ya kVA 100 inayohudumia mtaa mzima inajazwa na chaja 14 za kilowati 7 zikiwashwa pamoja, nyumba zikiwa gizani. Itachukua muda mtaa mmoja kufika huko, lakini Area D na Iyumbu zitatangulia. Dawa ni rahisi: chaji baada ya saa nne usiku. Magari mengi yana saa ya kupanga.

Umeme ukikatika nikiwa nachaji?

Gari linaacha kuchaji, umeme ukirudi nyingi zinaendelea zenyewe. Asubuhi hakikisha.

Jua letu je? Si tuweke paneli tu?

Jua la kanda ya kati ni zuri mno. Paneli za kilowati 5 juu ya paa zinatoa kama uniti 20 kwa siku ya wastani, za kilomita 110. Tatizo ni kwamba mchana gari liko kazini na paneli ziko nyumbani. Ndiyo maana mahali pazuri kuliko pote kwa paneli za kuchajia Dodoma ni maegesho ya maofisi ya Mtumba, ambako magari yanaokwa juani kuanzia saa mbili hadi saa tisa na nusu. Paa la paneli lingetoa kivuli na umeme kwa pamoja. Kwa mashine ya DC ya barabarani, paneli zinapunguza bili. Kuiendesha peke yake zinahitaji eneo la mamia ya mita za mraba na betri za kutunzia.

Joto linaua betri?

Dodoma si mbaya kama Dar. Usiku kunapoa, hasa Juni na Julai. Mwangalifu awe mwenye Leaf ya kizazi cha kwanza au cha pili, kwa sababu betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Ukiichaji kwa DC mara mbili ndani ya safari moja ya Oktoba, joto linapanda na gari linapunguza kasi ya kuchaji lenyewe. Ukinunua iliyotumika, hesabu vijiti 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imeshapungua kama asilimia 15. Vikibaki tisa, imebaki kama asilimia 70, na bei iseme hivyo.

Mvua na radi?

Mvua haina shida, plagi zimetengenezwa kukaa nje. Radi ina shida. Chomoa.

Nalipaje, na bei ya haki ni ipi?

Dai kulipa kwa uniti. Bei ya dakika inamwadhibu mwenye gari linalochaji polepole. Kuhusu malipo, mtandao wowote unaokulazimisha upakue programu, ujisajili, uweke kadi ya benki, ndipo uchaji, umejengwa na mtu ambaye hajawahi kufika Gairo saa mbili usiku simu ikiwa na asilimia 6. Namba ya lipa ya M-Pesa iliyobandikwa kwenye nguzo inatosha.

Serikali ianze na nini?

Ningeomba mambo mawili. La kwanza, EWURA itazame upya tozo ya kVA kwa vituo vya kuchajia. La pili, sheria ya mashine kufanya kazi. Uingereza ilijaza nguzo kwanza, ikagundua nyingi ni mbovu, ndipo ikatunga kanuni mwaka 2023 zinazozitaka mashine za kasi ziwe nzima kwa asilimia 99 ya muda. Umoja wa Ulaya nao umeamua kituo kiwepo kila kilomita 60 kwenye barabara zake kuu, na mtu aweze kulipa bila mkataba. Sisi bado tuna nguzo chache. Kanuni ya uzima wa mashine ikitungwa sasa haitamuumiza mtu.

Nitajuaje kituo kinafanya kazi kabla sijaondoka?

Ramani za kwenye simu zinaonyesha kituo kipo, mara nyingi hazionyeshi kama ni kizima. Piga simu uzungumze na mlinzi, siyo ofisi ya Dar. Muulize gari la mwisho lilichaji lini na plagi ilikuwa ya aina gani. Mwambie akupigie picha aitume. Halafu panga safari ukiwa na chaji ya kukufikisha kituo kinachofuata, au kukurudisha ulikotoka.